Betri ya Pili: Hasara Inayoanzia Kwenye Friji

Gari la utalii linalopita Mugumu kuelekea lango la Ikoma hubeba friji, redio ya upepo na soketi za kuchajia kamera. Mzigo huo unabebwa na betri ya pili, ile isiyowasha injini. Ikifa, mwenye gari hulaumu betri na kununua nyingine. Mara nyingi kosa si la betri.

Hesabu yenyewe si ngumu. Friji ndogo ya kompresa huvuta kama ampea 4 inapofanya kazi. Kwenye joto, ikifanya kazi nusu ya muda, wastani ni ampea 2. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 isitumike zaidi ya nusu, kwa hiyo una saa 25 tu. Gari likiegeshwa kambini siku mbili bila kuwashwa, friji imeshakula akiba yote. Betri ikilala hivyo, salfeti huganda kwenye sahani zake na kukataa chaji, na hapo hakuna maji ya betri yatakayoiokoa.

Wengi huamini friji ina ulinzi wake. Inao, lakini kompresa za Danfoss, ambazo sasa ni Secop, hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kukata umeme kwenye volti 10.4. Betri ya risasi iliyotulia ikisoma 12.2 tayari imebaki nusu. Ulinzi wa friji huja umechelewa mno.

Dawa ni kifaa cha kukata umeme volti zinaposhuka, kipangwe karibu na 11.8 mzigo ukiwa umewashwa, pamoja na rilei inayotenganisha betri mbili injini ikizimwa. Fundi anayeuza betri bila kuulizia vifaa hivi anamuuzia mteja nusu ya kazi.

Betri za lithiamu zina saketi ya ndani inayojikata, na huvumilia kutumika karibu asilimia 80. Bei yake ni kubwa, na kwenye gari hutaka chaja maalumu kati yake na alteneta. Mwenye magari kadhaa apige hesabu ya miaka mitano kabla ya kuamua. Mwenye gari moja aanze na kikata umeme.