Nguvu, Hila na Upofu: Udhaifu wa Sauron katika Filamu Ukilinganishwa na Maandishi ya Tolkien

Ikisiri

Makala haya yanachunguza dai kwamba Sauron, mhasimu mkuu katika filamu tatu za The Lord of the Rings (2001–2003) zilizoongozwa na Peter Jackson, ni dhaifu kuliko Sauron wa maandishi ya J. R. R. Tolkien. Kwa kulinganisha matukio teule, makala yanaonyesha kwamba dai hilo huchanganya mambo matatu ambayo Kiswahili huyatenganisha: nguvu, hila na mamlaka. Filamu hazikumpunguzia Sauron nguvu. Zilichompunguzia ni hila, na kwa sababu hiyo kushindwa kwake kumepata maana nyingine. Katika riwaya anaangushwa na namna anavyofikiri, ilhali katika filamu anaelekea kuangushwa na mahali anapotazama.

1.0 Utangulizi

Riwaya ya The Lord of the Rings ilichapishwa katika juzuu tatu kati ya mwaka 1954 na 1955. Kisa chake kinahusu Pete iliyofuliwa na Sauron, bwana wa nchi ya Mordor, ambaye alitia ndani yake sehemu kubwa ya nguvu zake ili awatawale viumbe wengine. Pete hiyo ilimponyoka vitani, na baada ya miaka mingi ikaangukia mikononi mwa Frodo, mmoja wa jamii ya Mahobiti, watu wafupi wa kimo na wapenda amani. Frodo anakabidhiwa jukumu la kuirudisha katika mlima wa moto ilikofuliwa na kuiteketeza humo. Peter Jackson aliigeuza riwaya hiyo kuwa filamu tatu zilizotolewa mwaka 2001, 2002 na 2003, na ya mwisho ikatunukiwa tuzo 11 za Oscar. Kwa watu wengi, Sauron wanayemjua ni yule wa filamu hizo.

Miongoni mwa wasomaji wa Tolkien kuna dai kwamba mhasimu huyo amedhoofishwa: amekuwa jicho la moto lililokwama juu ya mnara, lisilo na mkono wala mguu, ambalo kazi yake ni kutazama tu. Jibu la upande wa pili ni kwamba Sauron wa filamu huonekana akiwarusha askari wengi hewani kwa pigo moja la rungu, jambo ambalo riwaya haina. Pande zote mbili zina ushahidi. Tatizo ni kwamba hazizungumzii kitu kimoja.

Uchunguzi wa aina hii hauna budi kujihadhari na kosa la kuipima filamu kwa kiasi inavyokifuata kitabu. Linda Hutcheon, katika A Theory of Adaptation (2006), anasisitiza kwamba kazi iliyogeuzwa kutoka umbo moja hadi jingine ina haki ya kutathminiwa kama kazi inayojitegemea, na kwamba kusimulia na kuonyesha ni njia mbili tofauti za kuishirikisha hadhira. Swali linalofaa, basi, si kama Jackson alimwasi Tolkien. Swali ni jambo gani lilibadilika katika maana ya kisa pale mhasimu alipobadilishwa.

2.0 Nguvu, Hila na Mamlaka

Neno dhaifu ni pana mno kutumika bila ufafanuzi. Nguvu, kwa maana yake ya msingi, ni uwezo wa mwili: kusukuma, kubeba, kupiga. Hila ni werevu wa kumfanya mtu atende lile analotakiwa kutenda huku akidhani ni uamuzi wake mwenyewe. Mamlaka ni uwezo wa kuamuru na kutiiwa, hata na walio mbali. Mhusika anaweza kujaliwa kimoja akakosa vingine. Zimwi la ngano za Kiswahili huwa na nguvu za kutisha, lakini aghalabu hushindwa na mtoto mwerevu kwa sababu halina hila. Sungura ni kinyume chake: mwili wake mdogo, na ushindi wake umo ulimini. Hakuna msikilizaji wa ngano anayeweza kusema kama Sungura ni dhaifu kuliko Fisi kabla ya kuambiwa ni udhaifu wa nini.

Utenganisho huu ndio utakaotumika katika sehemu zinazofuata, kwa kuwa Sauron ana historia ndefu ya kupoteza kimoja na kubaki na kingine.

3.0 Sauron wa Maandishi

Anayeamini kwamba Sauron wa vitabu ni jabali lisilotikisika hana budi kuisoma The Silmarillion, iliyochapishwa mwaka 1977, miaka minne baada ya kifo cha Tolkien. Humo Sauron hushindwa kimwili zaidi ya mara moja. Anajigeuza mbwamwitu ili apambane na Huan, mbwa mkubwa wa kuwindia, naye Huan anamkaba koo hadi anaisalimisha ngome yake kwa Lúthien. Baadaye, Mfalme Ar-Pharazôn wa Númenor anapotua na jeshi asiloweza kulikabili, Sauron anajisalimisha na kuchukuliwa mateka.

Hata hivyo, ni katika umateka huo ndipo anapopata ushindi wake mkubwa kuliko wote. Kwa maneno matupu, mfungwa anakuwa mshauri wa mfalme, mshauri anakuwa kuhani, na hatimaye anamshawishi mfalme aende kuishambulia nchi ya wasiokufa. Kisiwa kizima kinazama baharini. Kabla ya hapo alikuwa amekwenda kwa wahunzi wa Waelfi katika sura ya kupendeza, akajiita Annatar, yaani bwana wa vipawa, akawafundisha ufundi wa pete huku akijiandalia njia ya kuwatawala. Katika matukio haya yote, mwili wake si silaha yake kuu. Silaha yake ni kujua kila mtu anatamani nini.

Katika The Lord of the Rings yenyewe, Sauron hatokei mbele ya msomaji hata mara moja. Kwamba ana mwili kunajulikana kwa kupita tu, pale Gollum anapotaja kwamba mkono wake una vidole vinne. Hila yake, lakini, imeenea kotekote. Denethor, mtawala wa Gondor, analo jiwe la kuonea mbali liitwalo palantír. Sauron hawezi kumtiisha kupitia jiwe hilo, lakini anachagua mambo ya kumwonyesha: majeshi yasiyohesabika, na merikebu nyeusi zikipanda mto. Anachokiona Denethor ni kweli. Uongo umo katika uteuzi. Mtu mwenye akili na fahari anakata tamaa kwa kuyaona mambo ya kweli yaliyopangwa na adui, na mwishowe anajichoma moto.

4.0 Sauron wa Filamu

Filamu ya kwanza inafungua kwa vita ambavyo Tolkien aliviripoti kwa ufupi. Sauron anatokea akiwa na deraya nyeusi, mrefu kuliko kila askari, na kila pigo la rungu lake linafagia safu nzima. Kwa kigezo cha nguvu, huyu amezidishwa. Lakini anavyoanguka ni jambo la kuangaliwa. Katika maandishi, Gil-galad na Elendil wanakabiliana naye, wanamwangusha, nao wanakufa. Isildur anaikata Pete kutoka katika mwili uliokwisha kuangushwa. Katika filamu, Isildur aliyelala chini anapunga kipande cha upanga uliovunjika, vidole vinakatika, na jitu lile linalipuka. Gharama ya vifo vya wafalme wawili imekuwa pigo moja la bahati.

Baada ya hapo mwili unatoweka na Jicho linachukua nafasi yake. Jicho halikubuniwa na Jackson. Frodo wa riwaya huliona katika kioo cha Galadriel na kulihisi likimtafuta njia nzima. Tofauti ni kwamba katika riwaya Jicho ni namna ya kuieleza dhamira ya Sauron inavyohisiwa na anayetafutwa, lakini katika filamu ni kitu kilichowekwa kileleni mwa mnara wa Barad-dûr, chenye mwale wa nuru unaozunguka juu ya nchi kama taa ya mnara wa bandarini. Kinachozunguka kinaweza kukwepwa. Frodo na Sam wanajilaza chini, mwale unapita, wanasonga mbele.

Wakati huohuo, vielelezo vya hila vinapunguzwa. Denethor wa filamu anadokeza kwa maneno kwamba ameona mengi, lakini haonyeshwi akilitazama jiwe. Hivyo kukata tamaa kwake kunaonekana kuwa kichaa cha mzazi aliyefiwa, wala si kazi ya adui aliyemsoma vizuri. Mtu aliyeshindwa na Sauron amekuwa mtu aliyejishinda mwenyewe.

5.0 Upofu wa Aina Mbili

Tofauti kubwa zaidi imo katika mwisho wa kisa. Katika riwaya, Aragorn anajionyesha kwa Sauron kupitia jiwe la palantír, na Sauron anaharakisha vita kabla ya maandalizi yake kukamilika. Kisha Aragorn na Gandalf wanaongoza watu wapatao 7,000 kuelekea lango la Mordor, idadi ambayo hata kwao ni mzaha. Wanajua Sauron atalitafsiri vipi tendo hilo: atadhani bwana mpya wa Pete ameingiwa na kiburi na kuja kujaribu nguvu zake mapema mno. Ndivyo anavyodhani. Hesabu yake ni sahihi katika kila hatua isipokuwa ya kwanza, kwani haiwezekani kwake kufikiria kwamba aliyeipata Pete angetaka kuiharibu. Anayepima nafsi zote kwa tamaa yake mwenyewe hana namna ya kumwona asiyetamani. Wahenga wa Kiswahili walilisema jambo hili kwa maneno machache: akili nyingi huondoa maarifa.

Mpango wa Aragorn katika filamu ni uleule kwa nje, lakini maelezo yake yamebadilika. Lengo linalosisitizwa ni kulivuta Jicho ligeukie langoni ili lisiwaone Mahobiti. Linavutwa, nao wanapita. Huu pia ni upofu, lakini ni upofu wa pembe ya kutazamia. Laiti Jicho lingegeuka mapema kidogo, Sauron angeshinda. Sauron wa riwaya angeweza kutazama popote na bado asingeona, kwa sababu kilichomzibia macho ni tabia yake.

Hapa ndipo udhaifu halisi wa mhasimu wa filamu unapoonekana, na hauhusiani na kukosa mikono. Hila yake ilipopunguzwa, kosa lake nalo lilipunguzwa uzito. Kushindwa kwa mjinga hakufundishi jambo. Kushindwa kwa mwerevu kwa sababu ya werevu wake mwenyewe ni hoja kuhusu uovu: kwamba kutawala kunamnyima mtawala uwezo wa kuelewa kuacha. Bila hoja hiyo, safari ya Frodo inakuwa kisa cha kujificha kwa ustadi, badala ya kisa cha kukana mamlaka.

6.0 Hoja Kinzani

Haki inadai yatajwe mambo matatu upande wa filamu. Kwanza, wazo la Tolkien halikufutwa kabisa. Katika filamu ya pili, Gandalf anatamka kwamba kuiharibu Pete ni jambo ambalo maadui hawajaliota. Lakini katika sanaa ya kuonyesha, sentensi moja haiwezi kushindana na picha inayorudiwa kwa saa nyingi.

Pili, wahusika walioshawishiwa hawakukosekana. Ushawishi ulihamishiwa kwenye Pete, ambayo ina sauti yake na humnong'oneza kila aliye karibu nayo. Filamu iligawa kazi: Pete ikapewa hila, Jicho likapewa tishio. Mgawanyo huo una faida yake, kwani hadhira inaushuhudia ushawishi usoni mwa Boromir na wa Frodo.

Tatu, watengenezaji walipiga picha za Sauron akishuka mwenyewe kupigana na Aragorn langoni, kisha wakaziacha na kuweka jitu la kawaida mahali pake. Uamuzi huo ni ushahidi kwamba walitambua hatari ya kumwongezea nguvu: pambano la upanga lingeipokonya safari ya Frodo umuhimu wake.

Tamthilia ya televisheni ya The Rings of Power, iliyoanza mwaka 2022, inathibitisha utenganisho huu kutoka upande mwingine. Humo Sauron anachomwa na kuuawa na wafuasi wake mwenyewe mwanzoni mwa msimu wa pili, akabaki tope jeusi. Kimwili hajawahi kuwa duni kiasi hicho. Lakini ndiye anayemhadaa Galadriel kwa sura ya mtu wa kawaida, na Celebrimbor kwa jina la Annatar. Mwenye mwili dhaifu kuliko wote amepewa ulimi mkali kuliko wa filamu.

7.0 Hitimisho

Sauron wa filamu si dhaifu kwa nguvu, na mamlaka yake juu ya majeshi yanabaki makubwa. Ni dhaifu kwa hila, na upungufu huo unagusa kiini cha kisa, kwa kuwa Tolkien aliujenga mwisho wa riwaya yake juu ya kosa ambalo mwerevu peke yake ndiye angeweza kulifanya. Uchambuzi wa wahasimu katika kazi zilizogeuzwa kuwa filamu utanufaika ukianza na swali la aina ya nguvu inayopimwa kabla ya kuuliza kiasi chake, na ukiangalia si jinsi mhasimu anavyopiga tu, bali pia jinsi anavyokosea.