Majina yaliyofunikwa kwa kiganja

WANAFUNZI wanne wa shule ndogo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale walifika Kamukuzi, hapa mjini Mbarara, wakiwa na simu moja. Walitaka kumrekodi jirani yangu, mwalimu mstaafu aliyefundisha kwao, kwa ajili ya video ya historia ya shule. Mimi nilipewa kazi ya kuishika simu isitikisike.

Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, wakianza Wanyarwanda. Baadaye wakaja Wakongomani, Warundi na Wasomali, na watoto wao wakabanana benchi moja.

Mzee akafungua sanduku la bati, akatoa madaftari mawili ya mahudhurio. Mchwa wameyala pembeni. Kando ya majina kuna maneno ya wino mwekundu: "kahama", "karudi kwao", "hajulikani". Mengi ni ya baada ya 1994, Wanyarwanda wa zamani walipoanza kurejea. Yapo pia ya Julai 2010, pale zaidi ya watu 1,000 walipopakiwa kwenye malori na kurudishwa Rwanda kwa nguvu. Siku ile, alisema, aliita majina darasani hadi akaacha.

"Mwalimu, tuyasome yote," msichana mmoja akaomba. "Walioko Kigali na Bujumbura wasikie."

Mzee akakataa. Nilimwona mkaidi, nakiri, mpaka alipoeleza kwamba baadhi yao walikimbia tena na sasa wanatumia majina mengine. Video ikishatumwa kwenye simu, nani atajua inafika kwa nani?

Mvulana mwenye daftari la maswali hakuridhika. Bila majina, alisema, hiyo ni historia ya mabati na matofali tu. Nami nilikuwa upande wake. Wakabishana hadi chai ikapoa.

Mwishowe walirekodi kurasa huku msichana akifunika majina kwa kiganja, maneno mekundu tu yakionekana. Walisoma jina moja, la mzee mwenyewe.

Kwa hiyo ninyi mnaopita Mirama Hills na mizigo, au mliokwisharudi nyumbani, kama mlisoma Nakivale na mnataka majina yenu yasomwe, njooni mseme wenyewe. Atakayesomwa ni yule aliyeridhia. Picha za zamani pia zinatakiwa, maana shule haina hata moja.