Gia ya otomatiki inayoteleza: presha kwanza, pleti baadaye (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza kazi ya konveta, pampu na gia za sayari zilizomo ndani ya giaboksi ya otomatiki. Leo tunaingia kwenye ugonjwa unaowapeleka gereji wenye pikapu wengi: gia kuteleza. Dalili zake hazijifichi. Dereva anakanyaga mafuta ili aovateki, mshale wa raundi unapanda kutoka 2,000 hadi 3,500, injini inanguruma, lakini gari haliongezi mwendo. Au anaingiza D asubuhi, gari linabaki limesimama kwa muda, kisha linashika kwa kishindo. Katika gereji nyingi za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam hukumu hutolewa hata kabla boneti haijafunguliwa: pleti za klachi zimekwisha, giaboksi ishushwe. Hoja ya makala haya ni kwamba hukumu hiyo ni nusu ya ukweli. Pleti huenda zimeungua kweli, lakini haziungui bila sababu, na mara nyingi sababu hiyo ni presha ya oili. Fundi anayeshusha giaboksi kabla ya kupima presha ana hatari kubwa ya kufunga pleti mpya ndani ya ugonjwa uleule.

Klachi ya giaboksi hii ni rundo la pleti: moja ya chuma, inayofuata imebandikwa kwa gundi karatasi ngumu ya msuguano, kisha ya chuma tena, zote zikiwa zimelowa oili. Springi zilizomo kazi yake ni kurudisha pistoni ili pleti ziachiane. Kinachozibana ni pistoni, na kinachoisukuma pistoni ni oili iliyotoka kwenye pampu, ikapita kwenye vali bodi inayoigawa, ikafika nyuma ya pistoni kwa presha inayopanda kadiri injini inavyobeba mzigo. Presha ikipungua, pleti hushikana kilegevu, husuguana na kutoa joto. Joto hukausha mpira wa sili za pistoni, sili zilizokauka huvujisha oili, na presha hushuka zaidi. Unga wa pleti nao huziba filta, pampu ikakosa oili ya kuvuta. Kubadilisha pleti bila kujua presha inapotelea wapi ni kama kubadilisha utambi wa taa iliyokwisha mafuta: utambi mpya nao utaungua.

Tuchukue mfano wa giaboksi ya A340, yenye gia nne, kazi ya kampuni ya Aisin ya Japani. Ilifungwa kwenye Toyota Hilux na Surf, kwenye Tacoma ya Marekani, na hata kwenye Jeep Cherokee kwa jina la AW4. Uchunguzi wake unaanzia kwenye dipstiki. Oili hupimwa ikiwa ya moto, injini ikiunguruma, baada ya kupitisha mkono wa gia katika nafasi zote na kuurudisha P. Ikiwa pungufu, pampu huvuta hewa, na oili yenye mapovu hubonyea badala ya kusukuma. Ikizidi, gia huikoroga hadi ikafanya povu, na matokeo ni yaleyale. Rangi nayo inasema. Nyekundu ni salama. Kahawia iliyokolea yenye harufu ya kuungua inaonyesha pleti zimeanza kuliwa. Waridi iliyovurugika kama maziwa ina maana maji ya rejeta yameingia, kwa kuwa kipoza oili kiko ndani ya rejeta. Nchini Marekani, Nissan ililazimika kurefusha dhamana ya rejeta za Frontier, Pathfinder na Xterra za 2005 hadi 2010 kwa sababu ya mchanganyiko huo. Maji na kemikali ya kupozea huyeyusha gundi ya pleti. Hapo kurekebisha giaboksi huku rejeta ikiachwa ni kazi bure.

Baada ya oili, tazama vitu vilivyo nje. Matoleo ya awali ya A340 yana kebo inayotoka kwenye mlango wa hewa wa injini hadi kwenye vali bodi, na kebo hiyo ndiyo inayoiambia giaboksi injini imebeba mzigo kiasi gani. Akseleta ikikanyagwa mpaka mwisho, nafasi kati ya mdomo wa ganda la kebo na kishikizo kidogo kilichobanwa kwenye waya inatakiwa iwe kati ya 0 na 1 mm. Kebo ikilegea, presha hubaki ya chini wakati injini inavuta kwa nguvu zote, na pleti nzima kabisa huanza kuteleza. Marekebisho yake yanahitaji spana mbili na dakika chache. Kisha taa ya ovadraivu (O/D OFF) kwenye dashibodi: ikimweka yenyewe, kompyuta imehifadhi kosa la umeme, na solenoidi za kubadilisha gia zinapaswa kupimwa, zilizo nzima husoma omu 11 hadi 15. Mpaka hapa hakuna bolti hata moja ya giaboksi iliyofunguliwa, na tayari sababu kadhaa za kuteleza zimethibitishwa au zimeondolewa.

Yanafuata majaribio matatu. La kwanza ni la kuchelewa: injini ikiwa ya moto na gari limesimama, hesabu muda kutoka kuhamisha mkono wa gia mpaka kusikia gari likishika. Kwa Toyota hizi, kutoka N kwenda D usizidi sekunde 1.2, na kutoka N kwenda R usizidi 1.5; pima mara tatu, ukipumzika dakika moja kati ya kipimo na kipimo, kisha chukua wastani. La pili ni la kulizuia gari: matairi yamewekewa vigingi, breki ya mkono imevutwa, breki ya mguu imekanyagwa kwa nguvu, hakuna mtu mbele wala nyuma. Akseleta inakanyagwa mpaka mwisho ikiwa D, raundi zinasomwa, kisha inaachiwa. Isizidi sekunde tano, kwa sababu nguvu yote ya injini inageuka joto ndani ya konveta. Linarudiwa katika R. Raundi zikizidi kipimo cha kitabu katika D na R, shuku presha ya jumla. Zikizidi katika moja tu, shuku klachi inayohudumia upande huo. Zikipungua, injini ni dhaifu au konveta ina hitilafu. La tatu ndilo linalotoa hukumu: kizibo cha skrubu kilicho kwenye ganda la giaboksi kinafunguliwa, geji ya presha inafungwa mahali pake, na namba zinasomwa katika D na R, injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta na wakati wa kulizuia gari.

Namba hizo husomwa pamoja na ramani ya klachi. Katika A340, klachi ya mbele hufanya kazi katika gia zote za kwenda mbele; gari likiteleza kote mbele lakini R likashika vizuri, hiyo ndiyo ya kushukiwa kwanza. Klachi ya moja kwa moja hufanya kazi katika gia ya tatu, ya nne na R. R na ya tatu zikiteleza pamoja, kosa liko kwake au kwenye sili zake. R ikiteleza peke yake, na L (nafasi ya gia ya chini) ikashindwa kulizuia gari kwa injini kwenye mteremko, tazama breki inayohudumia nafasi hizo mbili. Ikiteleza ovadraivu tu, yaani gia ya nne, breki ya ovadraivu ndiyo iliyochoka. Na gari likiteleza gia ya kwanza katika D lakini likashika katika L, kosa huenda liko kwenye klachi ya njia moja, kwa maana L huongeza breki ambayo D haiitumii. Mtu mwenye ramani hii anafika kwenye giaboksi akijua anachokitafuta. Asiye nayo anafungua rundo la vyuma na kubadilisha kinachoonekana kibaya.

Mafundi wengi watajibu kwamba hayo yote ni kupoteza muda: oili ikinuka moshi giaboksi itafunguliwa tu, sasa geji ya nini? Ni kweli itafunguliwa. Lakini presha ikiwa ndogo katika kila nafasi, mkosaji ni filta, pampu, vali ya kurekebisha presha au ile kebo, na hakuna pleti mpya itakayoliponya kosa hilo. Presha ikiwa sawa kila mahali, basi kazi ina mpaka: klachi moja na sili zake. Geji ndiyo inayotenganisha kazi hizi mbili, na tofauti ya gharama kati yazo ni kubwa.

Pingamizi la pili linatoka kwa wenye magari: kwamba oili ya zamani isiguswe, maana ukiimwaga gia huanza kuteleza. Mkasa huo hutokea, lakini tafsiri yake si sahihi. Oili iliyojaa unga wa pleti huweza kuisaidia klachi iliyokwisha kushika kidogo. Oili safi inapoingia, uchakavu uliokuwepo unajitokeza. Oili haikuua, imefichua. Kinachodhuru kweli ni oili ya aina isiyofaa, kwa sababu oili hii imeundwa kwa msuguano maalumu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, oili za otomatiki nchini Marekani zilitiwa mafuta ya nyangumi ili kurekebisha msuguano wa pleti. Yalipopigwa marufuku ilibidi zibuniwe upya, na General Motors ikaja na Dexron II. Matoleo ya awali ya A340 hutumia Dexron, giaboksi za baadaye za Toyota kama A750 hutumia WS, na Ford Ranger yenye gia sita za 6R80 hutumia Mercon LV. Kuzibadilishana kwa kuwa zote ni nyekundu ni kosa. Ikumbukwe pia kwamba kumwaga kwenye sampu hutoa chini ya nusu ya oili. Nyingine hubaki kwenye konveta na kipoza.

Wapo wanaosema njia ya mkato ni kununua giaboksi ya mtumba iliyotoka Japani, huko Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, na kuifunga. Ikiwa gia za sayari zimevunjika au ngoma imepasuka, ushauri huo una mantiki. Lakini giaboksi ya mtumba ina sili za umri uleule, na ikiunganishwa na kipoza kilichojaa unga wa ile ya zamani, huanza maisha kwa kumeza uchafu. Wengine watasema magari ya sasa yana kompyuta inayoona kila kitu. Kompyuta hulinganisha kasi ya kuingia na ya kutoka, kisha huandika kosa kama P0730, yaani uwiano wa gia si sahihi. Hapo imesema gia inateleza. Kwa nini inateleza, bado ni kazi ya vipimo.

Ikithibitika kwamba ni lazima kufungua, matengenezo yafuate sababu iliyopatikana. Sili zote zibadilishwe, hata zinazoonekana nzima. Pleti mpya zilowekwe katika oili mpya kabla ya kufungwa, na nafasi ya kila rundo ipimwe kwa filageji. Kabla ya kufunika, hewa ya kompresa ipulizwe kwenye tundu la oili la kila klachi: pistoni nzima hugonga mara moja kwa mlio mfupi mzito, na sili mbovu hutoa mvumo mrefu wa hewa inayovuja. Kipoza na mabomba yake visafishwe mpaka oili itoke safi, filta iwe mpya, na konveta iliyojaa unga isirudishwe. Kwa pikapu inayopanda mlima wa Kitonga na mzigo, kipoza cha ziada mbele ya rejeta ni matumizi ya busara, maana katika mwendo wa polepole konveta huteleza kwa asili yake na kumwaga joto kwenye oili.

Mwenye gari hahitaji kuwa fundi ili ajilinde. Adai karatasi yenye namba za majaribio yale matatu kabla giaboksi haijashushwa, na nyingine baada ya kurudishwa, kwa geji ileile na kwenye kizibo kilekile. Namba za pili zikilingana na kitabu cha mtengenezaji, chanzo kimetibiwa na fundi amestahili malipo yake. Zikibaki chini, gari lisitoke gereji hata kama leo linavuta vizuri. Wiki ijayo tutaichambua konveta: jinsi ya kutofautisha mtelezo wa klachi yake ya kufunga na mtelezo wa giaboksi yenyewe.