Majibu yanasema virusi havionekani: Kwa nini mtoto haachi dawa?

Mtoto amekunywa dawa bila kukosa. Anacheza, anakula, uzito unaongezeka. Siku ya kliniki majibu yanatoka: virusi havionekani kwenye damu. Mzazi anashusha pumzi, kisha swali linakuja: kama havionekani, dawa za kila siku ni za nini?

Jibu limo ndani ya seli zilezile zinazomlinda mtoto dhidi ya maradhi. Seli hizo ndizo pia zinazowaumiza vichwa watafiti wanaotafuta tiba ya kuponya Ukimwi.

Askari wenye kumbukumbu

Miongoni mwa chembe nyeupe za damu zipo seli za CD4. Hizi ni kama makamanda: zikimgundua adui, huziamuru seli nyingine zipambane naye. Vita vikiisha, nyingi hufa, lakini chache hubaki zimepumzika zikiwa na kumbukumbu ya adui yule. Ndiyo maana mtoto aliyechanjwa surua hubaki na kinga kwa miaka mingi.

VVU huingia katika seli hizohizo za CD4 na kupachika vinasaba vyake ndani ya vinasaba vya seli. Seli iliyo macho huzalisha virusi vipya, kisha hufa. Seli ikilala, virusi navyo hulala humo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Dawa za ARV huzuia virusi kuzaliana, lakini haziving'oi vilivyolala. Kipimo cha kliniki nacho huhesabu virusi vilivyo kwenye damu tu. Dawa zikiachwa, seli moja ikiamka inatosha kuanzisha moto upya, na mara nyingi hutokea ndani ya wiki chache.

Mtoto wa Mississippi

Mwaka 2010, katika jimbo la Mississippi nchini Marekani, alizaliwa mtoto mwenye VVU. Madaktari walimuanzishia dawa akiwa na saa 30 tu tangu azaliwe. Alipofika miezi 18, dawa zikakatika. Aliporudishwa hospitali miezi kadhaa baadaye, madaktari walishangaa: virusi havikuonekana. Machi 2013 habari zake zilienea dunia nzima, na wengi waliamini amepona.

Julai 2014, baada ya zaidi ya miaka miwili bila dawa, virusi vilirudi. Muda wote huo vilikuwa vimejificha, na akalazimika kuanza dawa tena.

Hata hivyo, mtoto huyo aliwafundisha watafiti jambo moja kubwa: dawa zikianza mapema sana, seli zinazoficha virusi huwa chache. Mwaka 2017 ilitangazwa habari ya mtoto wa Afrika Kusini aliyeanza dawa akiwa na wiki tisa, akazitumia kwa wiki 40 katika utafiti, kisha akakaa zaidi ya miaka minane bila dawa huku virusi vikiwa vimedhibitiwa. Watoto wa aina hiyo ni wachache mno duniani.

Watafiti wanajaribu nini?

Njia moja ni kuziamsha seli zilizolala ili virusi vijitokeze, kisha seli za CD8, ambazo kazi yake ni kuua seli zilizoambukizwa, zimalize kazi. Kuamsha kumewezekana kwa kiasi. Kumaliza ndiko kugumu.

Njia nyingine ni kubadilisha kinga yote. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyetibiwa saratani ya damu mjini Berlin, alipandikizwa uloto mwaka 2007 na 2008 kutoka kwa mtu ambaye seli zake hazina mlango ambao VVU hupitia. Alipona VVU, mtu wa kwanza kufanya hivyo. Lakini upandikizaji huo ni wa hatari, unaweza kuua, na hufanywa kwa wagonjwa wa saratani tu.

Kwa mzazi wa leo

Hakuna kipimo cha kawaida cha kliniki kinachoweza kukuambia kwamba seli zote zilizoficha virusi zimeisha. Kwa hiyo majibu ya "havionekani" maana yake ni kwamba dawa zinafanya kazi na kinga ya mtoto iko salama. Hayasemi kwamba kazi imekwisha.

Kwa mama mwenye VVU anayetarajia kujifungua, endelea na dawa zako na hakikisha mtoto anapimwa mapema, kwa tarehe utakayopewa kliniki. Na dozi ya mtoto ya leo jioni, mpe kwa wakati wake.