Usiilaumu Redio: Namna ya Kuyanasa Masafa Mafupi Humu Birmingham



Ni nani kati yetu, aliyekulia pwani, asiyeikumbuka jioni ya mwezi 29 Ramadhani? Wazee wamekaa barazani, redio imewekwa katikati, watoto wamekatazwa kupiga kelele, na kila mmoja anangoja kusikia kama mwezi umeandama au haukuandama. Redio hiyo hiyo ndiyo iliyotutangazia vifo na saa za maziko, ikatupa habari za karafuu, ikatuletea taarabu usiku. Tulipohamia huku, wengi wetu tuliitia redio sandukuni pamoja na msahafu na picha za wazee.

Novemba iliyopita tuliitwa katika nyumba moja ya Small Heath. Bibi wa nyumba hiyo, mzaliwa wa Pemba ambaye umri wake umepindukia miaka 80, alikuwa amenunuliwa na mjukuu wake redio ndogo ya masafa mafupi kwa bei isiyofika pauni 25. Redio ilikaa jikoni wiki tatu ikitoa mkoromo mtupu, mithili ya mafuta yanayochemka kaangoni. Mjukuu alikata shauri kwamba ameuziwa kitu kibovu. Bibi hakusema neno. Lakini kila jioni baada ya Magharibi aliiwasha, akaiinamia kwa muda, kisha akaizima.

Tuliichomoa redio hiyo katika umeme, tukaitia betri, tukaanza kutembea nayo chumba kwa chumba. Jikoni, karibu na chaja tatu za simu, ilikoroma. Ukumbini, mbele ya televisheni, ilikoroma zaidi. Ghorofani, katika chumba cha nyuma kinachoelekea bustani, mkoromo ulishuka ghafla, na chini yake zikaanza kusikika sauti za watu. Redio haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la nyumba.

Hilo ndilo tunalotaka wasomaji wetu walishike. Wazee walisema mchagua jembe si mkulima. Kabla ya kuitupa redio ya bei ndogo na kwenda kutafuta ya pauni 200, yafaa kwanza tujue sauti inasafiri vipi, na nini kinachoizuia mlangoni.

SAUTI INAVYOSAFIRI

Masafa mafupi ni mawimbi yaliyo baina ya megahezi 3 na 30. Mawimbi ya FM hufika kwenye upeo wa macho, au mbele yake kidogo, yakaishia hapo. Haya ya masafa mafupi hupanda mpaka kwenye tabaka la anga liitwalo ayonosfia, lililo juu yetu kiasi cha kilomita 100 hadi 400, nalo huyarudisha chini. Yakigusa ardhi au bahari hupanda tena. Kwa kuruka hivyo mara baada ya mara, sauti iliyotoka katika mitambo ya Dole, Unguja, huweza kuvuka zaidi ya kilomita 7,000 ikafika Birmingham bila ya waya wala setilaiti.

Kwa sababu hiyo hiyo, mitambo ya Woofferton, iliyo mpakani mwa Shropshire na Herefordshire na ambayo ilianza kurusha matangazo ya BBC mwaka 1943, huweza kusikika vyema zaidi katika nchi za mbali kuliko katika miji iliyo jirani nayo. Mawimbi yake hutupita juu ya vichwa vyetu. Basi katika masafa mafupi umbali peke yake si kikwazo. Kinachoamua ni saa, msimu na mita.

Tabaka hilo hutengenezwa na jua. Mchana huyarudisha vizuri masafa ya juu, yaani mita 19, 16 na 13. Jua likishatua, masafa hayo aghalabu hupenya yakapotelea angani, na zamu hushikwa na mita 31, 41 na 49. Mita 25 imo katikati, nayo hufaa sana alasiri na jioni. Kwa hiyo anayetafuta sauti ya Afrika Mashariki wakati wa baridi, na aanzie mita 25 na 31 mnamo magharibi. Wakati wa joto, ambapo jua la huku huchelewa mno kutua, na aanzie mita 19, ateremke kidogo kidogo kadiri usiku unavyoingia.

Ikiwa redio yako ina namba za kilohezi peke yake, gawanya 300,000 kwa namba hiyo, utapata mita. Mathalan, 11735, namba ambayo wasikilizaji wa Ulaya waliipatia redio ya Zanzibar kwa miaka mingi, ni sawa na mita 25 na nusu hivi.

SAA YA NANI?

Wengi hukosa matangazo si kwa ubovu wa chombo bali kwa kuchanganya saa. Ratiba za masafa mafupi huandikwa kwa saa za Greenwich. Ukiona 1800, ongeza saa 3 upate 2100, yaani saa tatu usiku kwa saa ya kwetu. Hapa Birmingham, wakati wa baridi, hiyo ni saa kumi na mbili jioni. Wakati wa joto ni saa moja usiku. Tena vituo vikubwa hubadilisha masafa yao mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Stesheni uliyoizoea ikitoweka siku hiyo, haikufa, imehama. Itafute katika mita za jirani.

ADUI ALIYE NDANI

Nyumba za zamani zetu zilikuwa na taa moja ya kuning'inia na pengine jokofu. Nyumba za leo zimejaa vyombo ambavyo kila kimoja ni mtambo mdogo wa kurusha kelele: chaja za simu, adapta za kompyuta, taa za LED, swichi za kupunguzia mwanga, televisheni, ruta za intaneti, hata mitambo ya umeme wa jua juu ya paa. Jicho halizioni kelele hizo, ila redio ya masafa mafupi huzisikia zote.

Namna ya kumtambua adui ni nyepesi. Tia betri redioni, itafute stesheni dhaifu, kisha mwambie mtu azime swichi kuu ya umeme kwa dakika moja. (Asifanye hivyo penye mgonjwa anayetumia mashine.) Kelele ikikoma, mkosaji yumo ndani. Washa umeme tena, kisha chomoa chombo kimoja kimoja mpaka umpate. Kelele isipokoma, inatoka kwa jirani au barabarani, na dawa yake ni kuhamia upande wa pili wa nyumba.

Katika nyumba ya Small Heath wakosaji walikuwa wawili: chaja ya bei nafuu iliyoachwa ukutani usiku na mchana, na taa ya ngazini. Kadhalika adapta ya redio yenyewe huweza kuwa mkosaji. Ndiyo maana tunasisitiza betri.

WAYA WA MITA SABA

Kuta za matofali hudhoofisha mawimbi, na zege lenye nondo, kama lile la majengo marefu ya baraza la mji, hudhoofisha zaidi. Basi redio iwekwe dirishani, antena yake ivutwe yote. Isipotosha, chukua waya mwembamba wenye ganda la plastiki, mita 5 hadi 7. Menya ncha moja, izungushe kwenye antena au ibane kwa kibanio, kisha waya uliobaki utandaze juu ya pazia au uuteremshe nje ya dirisha kuelekea bustanini. Hauna haja ya kununua kitu kingine.

Wengine hudhani waya wa mita 30 utaleta mara nne ya huo wa mita 7. Sivyo. Redio ndogo ikipewa mawimbi mengi kupita kiasi hulemewa, stesheni zikapandana, ukasikia tatu kwa pamoja. Ikitokea hivyo, punguza waya. Na kama redio yako ina swichi ya karibu na mbali, iweke kwenye karibu.

Tahadhari mbili. Usiupitishe waya wako karibu na nyaya za umeme za nje. Na ukisikia radi, au ukiondoka nyumbani, uondoe waya kwenye redio na kuuacha mbali nayo. Kuhusu leseni, wazee wasiwe na hofu: Uingereza iliondoa leseni ya redio mwaka 1971, na ile inayodaiwa leo ni ya televisheni.

MKONO NA SUBIRA

Katika redio za sindano, unene wa ukucha huweza kubeba stesheni tatu. Zungusha polepole, kama anayepekua choroko. Ukiipata sauti, geuza redio kidogo, kisha sogeza antena, maana hata kiwiliwili chako hubadilisha usikivu. Sauti ikipanda na kushuka kama mawimbi ya ufukweni, huo si ubovu. Ni tabia ya anga. Ngoja dakika kumi kabla ya kuiacha. Weka daftari, andika tarehe, saa, mita na ulichosikia. Baada ya mwezi mmoja daftari hilo litakuwa bora kuliko ratiba yoyote ya kuchapwa, kwani limeandikwa chumbani mwako.

Hatutaki kumdanganya mtu. Stesheni zimepungua. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, na ya Deutsche Welle mwaka 1963, na wengi wetu tulijifunza habari za dunia kwa sauti za watangazaji wao. Lakini Januari 2023 BBC ilifunga redio yake ya Kiarabu iliyoanza mwaka 1938, na Machi 2025 matangazo ya Sauti ya Amerika yalisimamishwa, ya Kiswahili yakiwemo. Redio ya Zanzibar nayo, katika masafa mafupi, imekuwa na tabia ya kupotea na kurudi. Asiyeipata leo asikate tamaa, wala asivunje redio.

Vijana watatuambia kwamba simu inaleta yote hayo bila mkoromo. Ni kweli, na hatuipingi simu. Lakini bibi yetu wa Small Heath haisomi simu. Kila anapoitaka sauti ya kwao hana budi kumngoja mtoto atoke skuli. Redio anaiwasha mwenyewe. Isitoshe, tuliona Uganda Januari 2021, na Tanzania Oktoba 2025, mtandao ukizimwa wakati wa uchaguzi, na jamaa wa huku wakakaa siku kadhaa bila kujua hali ya watu wao. Njia ya pili ya habari si kitu cha kudharauliwa.

Jioni ile, baada ya kuuteremsha waya dirishani, tulimpa bibi redio aizungushe mwenyewe. Mnamo mita 25 alisimama. Palikuwa na mwanamme akisoma habari kwa Kiswahili, sauti ikija na kuondoka, na jina la stesheni hatukuwahi kulisikia. Bibi alisikiliza, kisha akacheka, akasema bwana huyu si mtu wa visiwani, sikilizeni anavyoitamka dhali. Habari ilipofika kwenye mavuno ya karafuu, mjukuu aliuliza karafuu ni nini. Bibi hakumjibu. Aliteremka ngazi taratibu, akarudi na kopo kutoka jikoni, akamtilia tatu mkononi, akamwambia azinuse. Kisha akaanza kumhadithia namna walivyokuwa wakizichambua na kuzianika juu ya majamvi. Redio iliendelea kusema, na hakuna aliyeizima.

Mwenye redio iliyokaa kabatini na aitoe wiki hii. Atuandikie aliisikia stesheni gani, saa ngapi, katika mita ngapi na katika mtaa gani wa mji wetu, nasi tutayachapa majibu hayo katika toleo lijalo ili wengine wafaidike.

Wabillahi tawfiq.