Faili la Pembeni Linalolinda Hesabu za Duka

Mwenye duka anaingiza mauzo kwenye simu: kilo tatu za mchele zimetoka, fedha zimeingia. Kabla hajamaliza, simu inaishiwa chaji na kuzima. Akiiwasha tena, anakuta ama mauzo yote yameandikwa, ama hayakuandikwa kabisa. Haitokei mchele ukaonekana umetoka bila fedha kuingia. Hiyo si bahati. Ni matunda ya kanuni moja ya sayansi ya kompyuta: usiguse daftari kuu kabla hujaweka kumbukumbu pembeni.

Programu nyingi za simu huhifadhi taarifa zake katika SQLite, hifadhidata ndogo iliyoanza kutolewa mwaka 2000. Haihitaji seva, taarifa zote hukaa katika faili moja. Lakini kazi inapoendelea, faili hilo huwa na mwenzake, nalo ni shajara.

Kwa utaratibu wa kawaida, kabla ukurasa, yaani kipande cha faili kuu, haujabadilishwa, nakala yake ya awali huwekwa kwenye shajara. Mabadiliko yakishafika salama, shajara hufutwa, na kufutwa huko ndiko kunakokamilisha muamala. Umeme ukikatika katikati, programu ikifunguliwa upya huikuta shajara na kurudisha kurasa kama zilivyokuwa. Utaratibu wa pili, ulioongezwa mwaka 2010, hugeuza mambo: mapya huandikwa kwanza kwenye shajara, na yakifika kama kurasa 1,000 huhamishiwa kwenye faili kuu. Hapo msomaji hamzuii mwandishi, wala mwandishi hamzuii msomaji.

Haya hayakukubaliwa kwa maneno matupu. Wataalamu huigiza kukatika kwa umeme tena na tena, kila mara katika hatua tofauti ya uandishi, kisha hukagua kama faili limebaki zima. Watafiti waliopima simu za Android waligundua pia kwamba kuunda na kufuta shajara kila mara huilazimisha simu kuandika shajara yake yenyewe ya mafaili. Shajara juu ya shajara: kazi ndogo ikawa na maandishi mengi, na simu ikawa nzito.

Kwetu, ambako umeme hukatika bila taarifa, maarifa haya yana uzito. Mwanafunzi anayetengeneza programu ya kutunza kadi za kliniki za watoto ana uchaguzi wa kufanya. Anaweza kuizima shajara kabisa ili programu iende kasi, lakini simu ikizima katikati ya uandishi, faili zima linaweza kuharibika. Mama aliyekuja na mtoto kupata chanjo hastahili kulipia kasi hiyo.

Tahadhari zipo. Utaratibu wa pili haufai kwa faili linalotumiwa na kompyuta kadhaa kupitia mtandao wa ofisi. Anayenakili faili kuu peke yake programu ikiwa wazi anaweza kuyaacha nyuma mauzo ya mwisho, kwa kuwa katika utaratibu huo huenda bado yamo kwenye shajara. Na anayefuta faili lenye jina linaloishia na "-journal" au "-wal" akidhani ni takataka, anaweza kupoteza kumbukumbu au kuharibu hifadhidata yote. Zaidi ya hayo, shajara si nakala ya akiba: simu ikiibwa au ikizama majini, faili kuu na shajara huondoka pamoja.

Basi, ewe mwenye duka, funga programu kwanza ndipo unakili hesabu zako, na nakala uiweke mahali pengine. Nawe kijana unayeandika programu, jaribu kazi yako kwa kuzima simu katikati ya uandishi kabla hujamkabidhi mtu. Hesabu za watu ni amana.