Nadia wa Mnada na Nadia wa Tumaini

Asubuhi Mwamgongo jua huchelewa kufika ufukweni. Lazima kwanza lipande milima iliyo nyuma ya kijiji, ndipo liwafikie kina mama wanaoanika dagaa mchangani na boti zinazopakia abiria wa kwenda Kibirizi, Kigoma mjini. Mbele ni Ziwa Tanganyika, kusini ni Hifadhi ya Gombe, na ukipanda na mwambao kuelekea kaskazini utafika Kagunga, mpakani na Burundi. Tuseme kwenye kijiji kama hiki mtoto wa kike amezaliwa leo, na wazazi wamemchagulia jina Nadia. Jirani aliyesoma kidogo atawaambia: “Jina zuri, maana yake tumaini.”

Jirani huyo atakuwa amekosea, ingawa kosa lenyewe lina sababu.

Nadia mwenye maana ya tumaini ametoka kwa Waslavi. Kwa Warusi jina kamili ni Nadezhda, na hilo si jina tu: ni neno la kila siku la Kirusi kwa kitu ambacho sisi tunakiita tumaini. Nadya ndilo la nyumbani, la mama na marafiki, kama Khadija anavyokuwa Dija. Waukraine wameenda mbali zaidi. Kwao neno lenyewe la tumaini ni *nadiya*, kwa hiyo Nadia wa Kyiv hana haja ya jina refu. Waserbia na Wakroatia husema Nada.

Asili yake ni simulizi ya kanisa. Inasemekana Roma, katika karne ya 2, enzi ya Kaisari Hadriani, aliishi mama Mkristo aliyeitwa Sofia, yaani hekima. Alikuwa na mabinti watatu ambao kwa Kigiriki waliitwa Pistis, Elpis na Agape. Wote watatu waliuawa kwa ajili ya dini yao, na mama akafa kwa majonzi kaburini kwao. Waslavi walipoipokea simulizi hiyo walimwacha mama na jina lake la Kigiriki, lakini mabinti wakawatafsiri: Vera, Nadezhda, Lyubov. Hadi leo Waorthodoksi wa Urusi huwakumbuka wote wanne tarehe 30 Septemba, na wenye majina hayo hupongezwa siku hiyo.

Msomaji wa Tanzania bila shaka ameshawatambua mabinti hao. Ni Imani, Tumaini na Upendo, ambao hawakosekani kwenye madaftari ya mahudhurio ya shule zetu. Waslavi na Waswahili hawakushauriana, ila walichukua maneno yale yale ya Maandiko, wakayatia kwenye lugha ya nyumbani, wakawapa watoto. Dada wa kweli wa Nadezhda, basi, ni Tumaini. Tofauti ni kwamba Tumaini wetu anaweza kuwa mvulana au msichana. Nadezhda ni mwanamke siku zote.

Sasa turudi mwambao wa Kigoma. Uislamu ulishika mizizi hapa kupitia Ujiji, tangu misafara ya karne ya 19, na majina mengi yalikuja na dini. Nadia wa huku ana shina la Kiarabu, na shina hilo liko mdomoni mwa kila Mswahili bila yeye kulifikiria. Kiarabu *nada* kwa kuvuta irabu ni kuita kwa sauti. Humo ndimo tulimopata *kunadi*, na humo ndimo ulimotoka *mnada*. Simama mwaloni samaki wanaposhushwa, usikie mtu akipaza sauti kutaja bei ya ndoo ya dagaa, nawe utakuwa unasikia neno lililozaa jina hili. Nadia ni mwenye kuita, mwenye kunadi. Wataalamu wengine wa Kiarabu hulihusisha na umande na ukarimu, kwa sababu maneno hayo nayo yanakaribiana sana kwa herufi. Tumaini halimo. Mwarabu anayetaka kumwita bintiye Tumaini humwita Amal.

Na kuna jambo linalopendeza zaidi. Neno letu *tumaini* nalo ni la Kiarabu kwa asili, kutoka shina lenye maana ya kutulia moyo, kuondokewa na wasiwasi. Kwa hiyo Mswahili akisema ana tumaini, chini kabisa ya neno lake anasema moyo wake umetulia.

Wanawake waliolibeba jina hili wanaonyesha jinsi njia mbili zinavyokutana. Nadezhda Mandelstam alikuwa mke wa mshairi Osip Mandelstam, aliyefia kambini mashariki ya mbali ya Urusi mwaka 1938. Kuhifadhi mashairi ya mumewe kwenye karatasi ilikuwa hatari, basi mjane huyu akayaweka kichwani. Aliyakariri kwa miaka mingi, akihama mji hadi mji, mpaka wakati uliporuhusu yaandikwe. Kwa watu wa pwani, ambao tenzi zao nyingi zilipona kwa vifua vya kina bibi, kazi hiyo haihitaji kuelezwa uzito wake.

Nadia Comăneci si Mslavi. Ni Mromania, ila jina lake lilitokana na mhusika wa filamu ya Kirusi. Julai 1976, Montreal, akiwa na miaka 14, alipata alama 10 kamili katika jimnastiki, za kwanza katika historia ya Olimpiki. Ubao wa matokeo ulionyesha 1.00, maana haukutengenezwa kuonyesha 10. Watanzania hawakuwa uwanjani. Nchi yetu, pamoja na nyingi za Afrika, ilisusia michezo ile kwa sababu New Zealand ilipeleka timu ya raga Afrika Kusini ya ubaguzi, na Filbert Bayi, bingwa wetu wa mita 1500, akabaki nje.

Nadia Murad wa Iraki ni wa shina la Kiarabu. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, mji ulio kando ya Ziwa Kivu, ambalo maji yake hushuka kwa Mto Ruzizi hadi kwenye ziwa hili hili la Tanganyika. Naye mwimbaji wa Kenya Nadia Mukami amelioanisha na jina la Kikikuyu lenye maana ya mkamuaji.

Warusi wana desturi nyingine ambayo mtu wa Ujiji ataielewa mara moja. Kwa heshima, mtu mzima huitwa kwa jina lake na la baba yake. Mke wa Lenin aliitwa Nadezhda Konstantinovna, yaani Nadezhda binti Konstantin. Mfano wa karibu nasi ni mtangazaji wa televisheni wa Moscow, Yelena Khanga, aliyezaliwa mwaka 1962. Baba yake ni Mzanzibari, Abdulla Kassim Hanga, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964. Kwa Kirusi binti huyo ni Yelena Abdulaevna. Ukilitamka Unguja ni Yelena binti Abdulla, basi.

Tumaini lina jina jingine mwambao huu. Mei 2015 maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walijazana Kagunga, na meli ya MV Liemba ikawa inawasafirisha hadi Kigoma. Miongoni mwa majina ya Kirundi lipo Nizigiyimana: nimemtumainia Mungu. Ni sentensi nzima ndani ya jina moja, na kwa maana lipo karibu na Nadezhda kuliko Nadia yeyote wa Kiarabu.

Kwa mzazi wa Mwamgongo, mambo mawili yanatosha. Kwanza, mwulize aliyelichagua jina alilitoa wapi, kabla ya kumwambia mtoto maana yake. Pili, amua tahajia moja mapema: Nadia, Nadya au Nadhia. Iandike vilevile kwenye kadi ya kliniki, kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA na kwenye daftari la shule, kwa sababu herufi moja ikitofautiana, binti huyo atalazimika kula kiapo ukubwani kuthibitisha kwamba yeye ni yeye.